Sungura Walionusurika kwa Hadithi Zao

Mtu mzima akikutwa barazani ameinamia kitabu cha sungura wanaosema, hakosi kuchekwa. Ataambiwa kuwa hayo ni mambo ya watoto, na kwamba mwenye mvi husoma tafsiri, fiqhi, tarehe na siasa. Lakini wazee wetu hawakuiona hadithi ya mnyama kuwa jambo dogo. Walijua kuwa liko neno ambalo ukimwambia mtu usoni atakasirika, lakini ukilitia kinywani mwa sungura atalisikiliza mpaka mwisho, kisha atalala akilifikiria.

Leo, ndugu msomaji, nataka tukitazame kitabu kimoja cha namna hiyo kilichotoka Uingereza mwaka 1972. Jina lake ni Watership Down, na mtungaji wake ni Richard Adams. Ni kisa cha sungura wachache waliohama makwao, wakapita katika hatari nyingi, wakajenga mji wao juu ya kilima. Watoto wamekipenda kwa ajili ya safari na mapigano yake. Mimi nakipenda kwa ajili ya swali moja lililomo ndani yake, nalo latuhusu sana sisi watu wa pwani. Je, jamii iliyoacha kusimulia hadithi zake hupungukiwa na nini? Jibu la kitabu hiki ni kali. Hupungukiwa na uhai wenyewe.

KISA KILIZALIWA GARINI

Richard Adams alizaliwa mwaka 1920 karibu na mji wa Newbury, kusini mwa Uingereza, naye alikuwa mtoto wa daktari. Alisoma tarehe katika Chuo Kikuu cha Oxford, Vita Vikuu vya Pili vikamkatiza masomo, akaingia jeshini. Baada ya vita aliajiriwa serikalini, akawa mtu wa ofisi na mafaili kwa miaka mingi. Hakuwa mtunzi wala hakujulikana na mtu.

Siku moja alikuwa akiendesha gari kwenda Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare, pamoja na binti zake wawili wadogo, Juliet na Rosamond. Njia ilikuwa ndefu. Watoto wakamtaka baba yao awape hadithi, tena wakamwekea sharti: iwe hadithi ambayo hawajapata kuisikia. Baba akaanza na lililomjia kinywani, kisa cha sungura wawili ndugu, mmoja jina lake Hazel na mwingine Fiver. Safari ikaisha na hadithi haijaisha. Akaiendeleza kila asubuhi alipokuwa akiwapeleka shule, na ilipomalizika mabinti wale wakamshikilia aiandike.

Akaandika usiku baada ya kazi. Alipokipeleka kitabu kwa wachapishaji, wakakikataa mmoja baada ya mwingine. Walisema kuwa watoto wakubwa hawatataka habari za sungura, na watoto wadogo hawataiweza lugha yake. Mwishowe kilipokelewa na Rex Collings, mwenye kampuni ndogo mjini London, ambaye alichapisha nakala 2,500 tu. Bwana Collings si mgeni katika fasihi ya Afrika. Mwaka ule ule wa 1972 kampuni yake ilitoa The Man Died, kumbukumbu za Wole Soyinka wa Nigeria za siku alizokaa kifungoni. Basi kwa mlango mmoja, mwaka mmoja, walitoka mfungwa wa Kiafrika na sungura wa Kiingereza, na atakayesoma vitabu vyote viwili ataona kuwa wawili hao wana mengi ya kuambizana.

Kitabu kilishinda Nishani ya Carnegie, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Uingereza, na pia tuzo ya gazeti la Guardian. Mwaka 1974 kilifika Marekani kikanunuliwa kwa wingi, na mwaka 1978 kikatengenezewa filamu ya katuni. Tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni. Bwana Adams alifariki tarehe 24 Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 96.

SUNGURA WAO NA SUNGURA WETU

Kabla hatujaendelea, yafaa tuelewane juu ya mnyama mwenyewe, maana jina moja la sungura twalitumia kwa viumbe viwili. Sungura wetu wa porini, yule wa hadithi za bibi, hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katika kishimo kidogo cha majani, huishi peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa Ulaya, ambaye hapa kwetu twamjua kama yule afugwaye bandani, ni mwingine. Huyo akiwa mwitu huchimba mashimo yenye njia nyingi chini ya ardhi, huishi kwa makundi kama watu wa mtaa mmoja, na watoto wake huzaliwa vipofu, hawana manyoya.

Tofauti hii ndiyo iliyompa Adams hadithi yake. Kiumbe anayeishi mjini ana wakubwa na wadogo, ana majirani, ana sheria na siasa. Adams hakubuni tabia za wanyama hao ovyo. Alisoma kitabu cha Ronald Lockley, mtaalamu wa viumbe aliyechunguza maisha ya sungura na kuyaandika mwaka 1964. Kwa hiyo sungura wa Adams hawavai kanzu wala hawanywi chai. Wanakula majani, wanachimba, wanakimbia, wanapigana kwa kucha. Mtungaji amewaongezea mambo machache tu: lugha, imani na hadithi.

Hata hesabu yao ni ya kisungura. Wanaweza kuhesabu mpaka nne. Kilichozidi nne wanakiita "hrair", yaani wengi wasiohesabika. Kwao sungura watano ni sawa na elfu. Tena wana neno "tharn", ambalo ni ile hali ya mnyama kushikwa na hofu mpaka akaganda, asiweze kukimbia wala kulia, huku adui anamjia. Hali hiyo si ya sungura peke yao. Nimeiona kwa binadamu.

UBAO ULIOPIGILIWA SHAMBANI

Fiver ni sungura mdogo wa mwili, dhaifu, mwenye kutetemeka, lakini amejaliwa kuhisi jambo kabla halijatokea. Jioni moja yeye na Hazel wanaona ubao mpya umesimamishwa ukingoni mwa shamba la Sandleford wanamoishi. Hawajui kusoma. Ubao ule unatangaza kuwa ardhi ile itajengwa nyumba. Fiver anaona uwanja mzima umefunikwa na damu, na anasema ni lazima wahame wote.

Hazel anampeleka nduguye kwa Mkuu wa sungura. Mkuu ni mzee mwenye adabu, ameshiba, amezoea heshima. Anawasikiliza kwa upole, kisha anawatoa kwa upole. Wakati wenyewe ni mzuri, chakula kipo, watu wahame waende wapi kwa ajili ya ndoto ya mdogo mmoja? Basi usiku ule wanaondoka sungura kumi na mmoja tu. Baadaye sungura wawili walioponea wanawafikia wakiwa mahututi na kuwapa habari. Watu walikuja, wakaziba matundu, wakatia hewa ya sumu, na mji mzima ukafa chini ya ardhi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto, katika Sura ya An-Naml. Ndani yake chungu mmoja anawaonya wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Nabii Suleiman na majeshi yake, hali wenyewe hawana habari. Nabii Suleiman, alayhi salaam, alilisikia neno la yule mdudu akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Tazama, msomaji: chungu yule hakusema kuwa Suleiman ni dhalimu. Alisema kuwa jeshi kubwa likipita halimwoni aliye mdogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wajenzi wa Sandleford. Hawakuwachukia sungura. Sungura walikuwa njiani, basi.

Ajabu ni kwamba Sandleford ni mahali pa kweli, karibu na Newbury alikozaliwa mtungaji. Mwaka 2022, miaka 50 baada ya kitabu kutoka, serikali ya Uingereza iliidhinisha ujenzi wa nyumba zaidi ya 1,000 huko. Nasi wa pwani twaujua ubao unaoota shambani usiku mmoja, na wenyeji wakiamka asubuhi wanaulizana umeandikwa nini.

MJI WA SHIBE

Sasa tufike palipo na kiini cha habari. Wahamiaji wetu, wakiwa wamechoka na kulowa mvua, wanakaribishwa katika mji mwingine wa sungura. Wenyeji ni wakubwa wa miili, manyoya yao yang'ara, wana adabu nyingi. Chakula hawakitafuti. Kila siku mwenye shamba jirani huwamwagia mizizi na majani mazuri uwanjani, na wanyama wanaokula sungura amewaua kwa bunduki. Mji wenyewe ni mkubwa, lakini mashimo mengi hayana mtu.

Wageni wanaanza kuona mambo yasiyoeleweka. Mji hauna mkuu. Ukimwuliza mwenyeji, fulani yuko wapi, hajibu, hugeuza maneno, na ukirudia kuuliza hukasirika. Usiku wanapokusanyika, wageni wanamtoa msimulizi wao, Dandelion, awape wenyeji hadithi ya El-ahrairah, mfalme wa kwanza wa sungura, mjanja wa wajanja. Dandelion anasimulia vizuri sana. Wenyeji wanasikiliza kwa heshima, kisha wanasema kuwa hadithi hizo ni nzuri kwa mtu wa kale, lakini wao hawazihitaji tena. Wao wana mshairi wao kijana, na mashairi yake ni matamu na ya huzuni, yote yanafundisha kukubali, kukubali, kukubali.

Asubuhi yake Bigwig, shujaa wa wageni, anakamatwa shingoni na kitanzi cha waya. Wenzake wanakimbia kuomba msaada, na wenyeji wanajifanya hawasikii. Hapo ndipo Fiver anapoeleza kila kitu. Mwenye shamba hawafugi bandani, kwa kuwa hana haja. Anawashibisha wakiwa huru, anawalinda, kisha anatega waya, na kila mara anachukua mmoja au wawili kwa nyama na ngozi. Wenyeji wanajua wote. Wamekubaliana kutosema. Swali la "yuko wapi?" limekatazwa kwa sababu jibu lake ni moja tu. Na hadithi za El-ahrairah wameziacha kwa sababu El-ahrairah angewauliza: mbona hamkimbii?

Mimi ni mtu wa mashairi, na ukurasa huu umenichoma. Nilizoea kuamini kuwa mji wenye mshairi ni mji ulio hai. Adams ananiambia kuwa wako washairi wanaowaimbia watu usingizi huku waya unakaza. Si utamu wa ubeti unaowaponya watu. Kinachowaponya ni ukweli unaobebwa na ubeti huo.

Bigwig anaokolewa na wenzake, wanaochimba na kutafuna kigingi kilichoushika waya mpaka kikakatika. Aliyesoma Kalila wa Dimna atakumbuka hua walionaswa wavuni, wakaruka pamoja na wavu wao mpaka kwa panya rafiki yao, naye akautafuna. Kitabu hicho kilitoka Bara Hindi kikapita Uajemi, na Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya nane. Adui hubadilika na nchi hubadilika, lakini meno ya rafiki ni yale yale.

MJANJA ASIYEZEEKA

El-ahrairah huyu ni nani? Jina lake maana yake ni mkuu mwenye maadui elfu. Katika hadithi mojawapo anaweka ahadi kwamba ataiba mboga za saladi za mfalme Darzin, zinazolindwa na askari usiku na mchana. Rafiki yake anaingia jumbani kwa hila na kuziharibu mboga, mfalme anaumwa tumbo. El-ahrairah anajigeuza tabibu kutoka mbali, anazitazama mboga, anatikisa kichwa, anasema zina ugonjwa wa hatari, na kwa sungura ndiyo mauti kabisa. Mfalme akasema moyoni, vyema, basi na wapelekewe sungura zote wafe. Mboga zikabebwa na askari wa mfalme mwenyewe mpaka mlangoni kwa El-ahrairah.

Nani kati yetu hamjui huyo? Ndiye sungura wetu aliyerudi nyumbani akashuku kuwa simba amejificha ndani. Akaiamkia nyumba, na nyumba isipojibu akasema, ajabu, siku zote nyumba yangu huniitikia. Simba mjinga akaitikia, na sungura akaenda zake. Ndiye, katika Kalila wa Dimna, aliyempeleka simba kisimani akajiona majini akajirukia. Ndiye pia aliyevushwa bahari kifuani mwa Waafrika waliouzwa utumwani Marekani. Huko wakamwita Brer Rabbit, na visa vyake vikakusanywa na Joel Chandler Harris kitabuni mwishoni mwa mwaka 1880. Mtumwa hakuwa na silaha, hakuwa na mahakama, lakini alikuwa na hadithi ya mdogo aliyemshinda mkubwa kwa akili, na mwanawe alilala akijua kuwa jambo hilo linawezekana.

Huku kwetu, Askofu Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja akazichapisha mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ile ya punda wa dobi, ambayo ndani yake kima anamhadaa papa kuwa moyo wake ameuacha nyumbani mtini. Kisa hicho nacho kina nasaba na Kalila wa Dimna. Kwa Waarabu mwenzake kima ni kobe, kwa Wahindi ni mamba. Kilipofika kwetu kikapata papa, kwa kuwa sisi ni watu wa bahari. Hivyo ndivyo jamii iliyo hai ipokeavyo hadithi. Huivika nguo za kwao.

MJI WA AMRI

Wahamiaji wanafika Watership Down, ambacho ni kilima cha kweli katika wilaya ya Hampshire, wanachimba mji wao. Lakini wote ni madume, na mji usio na majike ni mji wa kizazi kimoja. Shakwe mmoja, Kehaar, waliyemtibu bawa, anawapelelezea na kuwaletea habari ya mji mkubwa uitwao Efrafa.

Efrafa inatawaliwa na Jenerali Woundwort. Kila sungura hutiwa alama mwilini kuonyesha kundi lake, na hula kwa zamu, kwa amri. Hakuna atokaye bila ruhusa, na aliyejaribu kutoroka huraruliwa masikio na kuwekwa mlangoni wengine wamtazame. Usidhani kuwa Jenerali huyu ni mwovu bila sababu. Alikuwa yatima, mama yake aliuawa mbele yake, naye akaapa kuwa watu wake hawataonekana na adui. Kweli hawaonekani. Wako salama, na wanakufa kwa huzuni. Mji umejaa mno hata majike hawazai tena.

Bigwig anaingia Efrafa kama mpelelezi na kuwatoa majike kwa hila, kwa msaada wa Hyzenthlay, jike mwenye akili na moyo mkubwa. Jenerali anawafuata kwa jeshi na kuuzingira mji wao. Bigwig anasimama peke yake katika ujia mwembamba, amejeruhiwa, na Jenerali anamwuliza kwa nini hajisalimishi. Anajibu kuwa mkuu wake amemwamuru aulinde ujia ule. Jenerali anatishika. Alidhani Bigwig ndiye mkuu. Kumbe yuko mkubwa kuliko huyu? Hakujua kuwa mkuu wa mji ule ni Hazel, mdogo kuliko Bigwig, tena kiwete kwa risasi ya mkulima, ambaye saa ile yuko mbali akifungua mbwa wa shambani aje aliswage jeshi. Hila ile, msomaji, ni ya El-ahrairah mtupu. Waliokuwa wamesimuliwa hadithi usiku walijua la kufanya mchana.

Adams alieleza kuwa Hazel na Bigwig aliwafinyanga kwa sura za maafisa aliotumika nao vitani, Meja John Gifford na Kapteni Paddy Kavanagh. Kavanagh aliuawa katika mapigano ya Arnhem mwaka 1944. Lakini alikanusha siku zote kuwa kitabu chake ni fumbo la siasa. Alisema ni hadithi ya sungura aliyowasimulia binti zake. Nami namwamini, ila hadithi njema ni kama kisima cha msikiti. Mwenye kuchimba hachagui nani atatawadha.

NENO KWA WAZAZI

Wako wazazi watakaouliza kama kitabu hiki chafaa kwa mtoto wa Kiislamu, na swali lao ni la haki. Sungura wa Adams wana mola wao wamwitaye Frith, naye ni jua. Mimi nasema mzazi asikifiche kitabu, bali akae na mwanawe akieleze. Katika ile ile Sura ya An-Naml, ndege hud-hud ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari ya watu wa Saba waliokuwa wakilisujudia jua. Mtoto aliyesomeshwa kisa hicho, na kisa cha Nabii Ibrahim aliyelitazama jua likitua akajua kuwa litualo haliabudiwi, hatapotezwa na sungura wa Kiingereza. Wala kumpa mnyama ulimi si jambo geni kwa Waislamu. Katika karne ya kumi, Ikhwan as-Safa wa Basra waliandika kisa kizima cha wanyama wakiwashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini kwa kuwadhulumu.

Jambo la pili ni damu. Kitabu kina mauti na majeraha ya kweli, na filamu ya mwaka 1978 imewatisha watoto wengi waliodhani wameletewa katuni ya mchezo. Mtoto mdogo sana na angoje. La tatu, wako waliolalamika kuwa majike katika kitabu wanatafutwa kwa ajili ya uzazi tu, na sauti zao ni chache. Lawama hiyo ina haki yake. Mwaka 1996 Adams alitoa kitabu cha pili, Tales from Watership Down, na humo Hyzenthlay ni mkuu wa mji pamoja na Hazel.

WATOTO WASIOKUMBUKA VITA

Iko hadithi moja ndani ya kitabu hiki ambayo siwezi kuimaliza bila kunyamaza kidogo. Watu wa El-ahrairah wamezingirwa na wanakufa. Anashuka kwenda kwa Sungura Mweusi wa Inlé, ambaye ndiye mauti ya sungura, ili atoe roho yake iwe fidia ya watu wake. Mweusi hapokei. El-ahrairah anacheza naye mchezo wa kubahatisha vijiwe, anashindwa, anakatwa sharubu na mkia. Anashindana naye kwa hadithi, anashindwa, anakatwa masikio. Mwishowe Mweusi anamwonea huruma na kuwaokoa watu wake.

El-ahrairah anarudi polepole, kilema. Anawakuta vijana wanene wanaota jua. Anawauliza habari za vita. Wanamwambia kuwa hayo ni ya zamani, ya wazee, hayawahusu.

Hakuna adui katika ukurasa huo. Hakuna waya wala jenerali. Hata hivyo naona ndio ukurasa wa kutisha kuliko yote. Ndio mwanzo wa ule mji wa shibe, mji usiotaka kusimuliwa.

Nasi tujitazame. "Paukwa!" siku hizi huitikiwa na nani? Bibi yuko chumbani, mjukuu yuko na simu, na simu ile humpa hadithi elfu za watu wengine, kila moja imepakwa sukari. Sisemi simu ni haramu, wala sisemi hadithi za wengine ni mbaya, kwani leo nimekuitia hadithi ya Waingereza. Nasema kwamba mtoto asiyemjua sungura wa kwao hataweza kumtambua El-ahrairah akikutana naye, na atapita kama mtu apitaye jamaa yake njiani asimwamkie. Atakula cha bure bila kuuliza nani amekimwaga na kwa nini.

Dawa yake haihitaji mkutano wala fedha. Richard Adams hakuwa na kitu ila gari, njia ndefu na watoto wawili waliosema, baba, tusimulie. Baba anayejua Kiingereza akisome kitabu hiki na kuwasimulia wanawe kwa Kiswahili chao, sura moja kila usiku baada ya sala ya Isha. Bibi naye aitwe atoe cha kwake, ili watoto wapime nani mjanja zaidi. Mwishoni mwa kitabu, Hazel anamsikia mama mmoja akiwasimulia watoto kisa cha El-ahrairah alivyowahamisha watu wake na kuwavusha mto. Anahisi kuwa kisa hicho anakijua, ila hakumbuki alikisikia wapi. Kumbe ni maisha yake mwenyewe, yamekwisha kuwa hadithi.

Nami nifunge kwa ubeti wangu mmoja:

Simulia mwana kisa, angali yu kitandani,
Dunia hii ya sasa, ina mitego njiani,
Chakula bure hunasa, tanzi limo majanini,
Asiyeambiwa visa, hujifunza matanzini.